Kupapasa Molekuli: Mwongozo wa Hadubini ya Ncha kwa Maabara Ndogo ya Pwani

Maji yakikupwa Mikindani, mtumbwi unaopita kwenye mkondo hauendeshwi kwa macho. Aliye nyuma ameshika pondo, na tope la mikoko limeshavuruga maji kiasi kwamba pondo likizama nusu hulioni tena. Anachokijua kuhusu chini anakijua kwa kiganja: hapa limegota, ni mwamba, hapa limezama taratibu, ni tope, hapa limekwaruza, ni mchanga. Akifika ng'ambo ana ramani ya mkondo mzima, na hakuuona hata kidogo.

Hadubini ya ncha inafanya kazi hiyohiyo. Pondo lake ni sindano ya silikoni ambayo kilele chake kina nusukipenyo cha nanomita 10 au pungufu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kucha yako inarefuka kwa takribani kiasi hicho kila sekunde. Hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na mwanga una mpaka wake: vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi huonekana kimoja. Hii haitumii mwanga kuona. Inapapasa mstari kwa mstari, na kompyuta inaandika kimo cha kila nukta.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye kama mimi: ana hadubini ndogo ya mezani, ya kuazima, chumba cha nyuma Mtwara mjini, hewa ya bahari inaingia kila dirisha likifunguliwa, na fundi wa mashine yuko bara jingine. Vitabu vinavyokuja na mashine vimeandikiwa vyumba vikavu visivyotikisika. Vyetu si hivyo. Ila sehemu kubwa ya picha nzuri hutengenezwa kabla mashine haijawashwa, na sehemu hiyo tunaweza kuifanya vizuri hapahapa.

Kwanza, jua unashika ipi

Kuna mbili kuu. Ya kwanza ni STM (kwa Kiingereza scanning tunnelling microscope), iliyotengenezwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer mwaka 1981 katika maabara ya IBM karibu na Zurich, Uswisi. Inapima umeme mdogo sana unaoruka pengo kati ya ncha na uso kabla havijagusana. Pengo likipungua kwa sehemu moja ya kumi ya nanomita, umeme huo unaongezeka karibu mara kumi, ndiyo maana inaweza kuhisi atomu mojamoja. Ilikuwa kazi kubwa kiasi kwamba mwaka 1986 walipewa Nobeli ya fizikia. Kasoro yake ni moja: uso lazima upitishe umeme.

Mwaka huohuo wa 1986 Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber wakatoa ya pili, AFM (atomic force microscope), inayopima nguvu badala ya umeme. Ncha inakaa mwishoni mwa ubao mwembamba uitwao kantileva, mithili ya ubao wa kurukia majini. Leza inamulika mgongo wa kantileva, mwale unaruka na kutua kwenye kipokea-mwanga chenye vyumba vinne. Kantileva ikipinda hata kidogo, mwale unahama chumba. AFM hainuni: inapapasa jiwe, plastiki, jani, hata seli ndani ya maji. Mwongozo huu unashughulika nayo zaidi.

Pili, hakikisha unaihitaji

Bwana shamba mmoja aliniletea majani ya mkorosho yenye ubwiri unga, mengine yamepulizwa salfa, akitaka tuyaweke chini ya AFM. Nilimrudisha kwenye hadubini ya kawaida, na sikufanya hivyo kwa kumdharau. Mashine nyingi za aina hii hupanda na kushuka maikromita kama 10 tu (maikromita moja ni nanomita elfu moja). Vipande vya salfa na nyuzi za ukungu vinasimama juu ya jani kuliko hapo. Ncha ingevigonga na kuvunjika kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Jani bichi nalo linanyauka na kusogea wakati unalipapasa. Kama kitu chako kinaonekana kwa lenzi, kitazame kwa lenzi. AFM ingefaa kwa swali jingine kuhusu jani hilohilo, kwa mfano tabaka la nta lililo juu yake likoje kabla ya ugonjwa, kwenye kipande bapa kisichozidi upana wa nywele.

Tatu, tuliza mahali

Kitu unachopima ni chembamba kuliko mtetemo wa sakafu yako. Msimu wa korosho, malori yanayoshusha mzigo bandarini yanapita usiku na mchana, na lori moja likipita barabarani linaonekana kwenye picha kama mkunjo uliokatiza mistari kumi au ishirini.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Finyanga bamba la zege la kilo 15 hadi 20. Lining'inize kwa mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli kutoka kwenye fremu imara, halafu weka hadubini juu yake. Kipimo cha mafanikio ni mvutiko: mipira ikivutika karibu robo mita kwa sababu ya uzito, bamba ukilisukuma litapanda na kushuka takribani mara moja kwa sekunde. Kila mtetemo wa kasi inayozidi hiyo kwa mbali, wa lori, wa jenereta, wa mtu anayetembea, unapungua kabla haujafika juu. Mipira ikivutika sentimita tatu tu, bado ni migumu. Punguza idadi yake au ongeza zege. Nyaya zinazokwenda kwenye mashine zilegee, maana waya uliokazwa ni daraja la mtetemo.

Zima feni. Najua joto lilivyo Februari, lakini feni ya darini inatikisa hewa na jengo kwa pamoja. Funika mashine kwa sanduku. Mimi hupapasa kuanzia saa nne usiku, mji ukishatulia na upepo wa bahari ukishapoa, na tofauti yake naiona kwa macho. Weka pia betri ya akiba kati ya mashine na soketi: umeme ukikatika ncha ikiwa imegusa uso, hakuna anayeinyanyua.

Nne, pambana na unyevu

Huku pwani hapa ndipo penye kazi. Katika hewa yenye unyevu, kila uso unaopenda maji hubeba utando mwembamba wa maji. Ncha ikikaribia, utando wa juu yake na utando wa chini huungana ghafla, na maji yanaivuta ncha chini kama bamba mbili za kioo zilizolowa zinavyoganda. Nguvu hiyo inaweza kufika makumi ya nanonyutoni, ilhali molekuli laini unayoitafuta haivumilii hata sehemu ya nguvu hiyo bila kusukumwa.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari unabeba matone madogo ya maji ya chumvi. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 75, chumvi hiyo inakaa kama punje. Ukipita hapo, inavuta maji kutoka hewani na kugeuka tone. Fanya jaribio hili mara moja tu ili uamini: bandua uso mpya wa ulanga, uache saa moja kwenye dirisha linalotazama bahari, kisha uupapase. Uso uliokuwa bapa kama kioo utaukuta na vipele. Baada ya kuona vile sikuacha tena sampuli wazi nikisema naenda kunywa chai mara moja.

Unachohitaji ni chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, kile cha kuhifadhia chakula, na silika jeli. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vinafaa, ila ni vichache na vingi vimeshashiba maji. Nunua punje zenye rangi inayobadilika. Zikishiba, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 za selisiasi saa chache, zitarudi kazini. Usitumie sufuria ya kupikia, kwa sababu punje za buluu zina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Sampuli, ncha na bisibisi ndogo zote zikae humo. Ndani ya sanduku la hadubini weka kisahani cha punje hizohizo pamoja na kipima unyevu, na usianze mpaka kionyeshe chini ya asilimia 50. Masika kwetu, kuanzia Desemba hadi Aprili, hilo linaweza kuchukua usiku mzima. Kazi ngumu zaidi nazipangia miezi ya kusi, Juni hadi Septemba.

Tano, pata uso bapa

Huwezi kuona jiwe dogo kwenye barabara ya mashimo. Molekuli ya DNA ina unene wa nanomita 2. Kioo cha dirisha kinachoonekana laini kwako kina vilima vinavyokaribia kimo hicho, na mara nyingi uchafu juu yake. Nyuso mbili zinatosha kwa mwaka wako wa kwanza.

Wa kwanza ni ulanga, yale madini yanayobanduka karatasi kwa karatasi. Kata kipande cha upana wa sentimita moja, kibandike kwenye kisahani cha chuma kwa gundi ya mirija miwili, usiku mzima ikauke. Usitumie utepe wa kunata pande mbili: unajinyonga polepole kwa saa nyingi na kuburuta picha nzima. Kisha bandika selotepu juu ya ulanga, ikandamize kwa kucha kuanzia katikati kwenda pembeni, shika ncha moja na uivute taratibu, karibu sambamba na uso. Inua selotepu kwenye taa. Ukiona duara zima linalong'aa bila tundu, umebandua tabaka kamili. Ukiona nusu, au vipande kama magamba ya samaki, rudia. Uso uliopata haujawahi kuguswa na hewa tangu mwamba ulipoganda, na kwa maikromita nyingi hauna hata ngazi moja ya atomu. Una dakika chache tu kabla hewa haijauchafua. Uwe na tone lako tayari kabla ya kubandua.

Wa pili ni kinywe, na hapa Kusini tuna bahati yake. Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, ina kinywe cha magamba makubwa, na gamba moja lenye uso unaong'aa linatosha. Atomu za kaboni ndani ya tabaka moja zimeshikana sana, lakini tabaka na tabaka vimeshikana kidogo tu. Ndiyo sababu penseli inaandika. Kubandua kwa selotepu ni kulekule. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walibandua hivyohivyo mpaka wakabaki na tabaka moja la atomu, wakatangaza mwaka 2004, na 2010 wakapewa Nobeli. Gamba la asili lina vijipande vya madini mengine ndani yake, kwa hiyo bandua mara tatu nne ukitafuta sehemu safi. Ukiona ngazi zilizonyooka, pima kimo: kila tabaka lina nanomita 0.335, na ngazi yoyote iwe hiyo au mara kadhaa ya hiyo. Kinywe kinapitisha umeme, kwa hiyo ukibahatika kushika STM ndicho cha kuanzia. Ncha yake ni waya wa platini na iridi uliokatwa kwa mkasi huku ukivutwa. Weka volti 0.05 hadi 0.1 na umeme wa nanoampea 1. Utaona vinundu vilivyoachana nanomita 0.246. Hizo ni nusu tu ya atomu zote zilizopo, kwa sababu atomu ambayo tabaka la chini yake lina mwenzake hujificha.

Mikono. Aliyetoka kubangua korosho asiguse chochote hata kama amenawa kwa sabuni. Mafuta ya ganda la korosho yana molekuli zenye mkia mrefu wa kaboni 15, na mkia kama huo hupenda kulala juu ya kinywe. Watu huniuliza kama mafuta hayo yenyewe yanaweza kuwa sampuli. Yanaweza siku moja, lakini ni mchanganyiko wa mikia ya aina nne, mingine imenyooka, mingine imepinda, na mchanganyiko haujipangi vizuri. Anza na kitu kisicho na mchanganyiko.

Sita, weka DNA

Chukua DNA ya duara iitwayo pUC19, inayouzwa na maduka ya maabara. Ina jozi 2,686 za herufi. Ikatwe mara moja kwa kimeng'enya kama HindIII ili duara liwe uzi. Lisipokatwa linajisokota kama kamba ya simu ya zamani na huwezi kupima urefu. Ile DNA ya ndizi tunayoitoa darasani kwa sabuni na spiriti ni nzuri kwa wanafunzi kuishika kwa macho, ila imejaa protini na sukari, na hapa utaona matope tu.

DNA ina chaji hasi, na uso wa ulanga nao una chaji hasi. Vinasukumana. Magnesi, yenye chaji chanya mbili, inakaa katikati na kuvishikanisha. Changanya DNA hadi nanogramu 1 kwa kila maikrolita, ndani ya magnesi kloridi ya milimola 10. Dondosha maikrolita 20 kwenye ulanga uliobanduliwa sasa hivi. Subiri dakika tatu. Suuza kwa mililita 1 au 2 za maji safi yakitiririka pembeni, bila kupiga katikati. Kausha kwa naitrojeni. Kama huna mtungi, tumia puto la mpira la kupulizia lenzi, kisha uiache kwenye chombo cha silika usiku kucha. Usipulize kwa mdomo.

Maji ndiyo yanayoharibu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Maji ya chupa ya kunywa yana madini, hayafai kabisa. Kama huna mashine ya kuchuja, maji ya kuongezea betri ya gari yanaweza kukusogeza, ila soma chupa vizuri usije ukabeba asidi ya betri. Kabla ya kuyatumia, yajaribu: tone moja kwenye ulanga mtupu, likauke, upapase. Likiacha pete ya vipele, maji hayo ni ya betri kweli, yaache huko. Na kila siku ya kazi andaa ulanga mmoja wenye magnesi na maji bila DNA. Bila huo huna haki ya kusema kwamba nyuzi ulizoziona ni DNA.

Saba, funga ncha na ushuke

Kwa molekuli laini tumia mguso wa kudunda: kantileva inatetemeshwa na ncha inagonga uso kwa wepesi, haikokoti. Kantileva ya kazi hii huwa na urefu wa maikromita 125 hivi, ugumu wa nyutoni 40 kwa mita, na inatetemeka kwa takribani kilohezi 300. Ile ya kukokota ni ndefu na laini, maikromita 450 na nyutoni 0.2 kwa mita. Usizichanganye kwenye boksi moja. Kwa macho zinafanana.

Ishike kwa kibano pembeni, kamwe si upande wa ncha, na kaa. Nasema kaa, kwa sababu chipu ikiruka ukiwa umesimama huipati. Elekeza leza kwenye mwisho wa kantileva. Karatasi nyeupe chini yake itaonyesha doa likizimika pale leza inapopanda juu ya mgongo. Usiitazame leza moja kwa moja. Kisha iambie programu itafute mtetemo wa asili. Kwenye grafu unataka mlima mmoja mwembamba, uliosimama peke yake. Ukiona vilima viwili au mlima mpana ulioinama, chipu haijakaa vizuri au kuna uchafu chini yake. Itoe uifunge upya.

Acha mota ishushe ncha huku ukiitazama kwa kamera. Mara nyingi mashine itatangaza imegusa wakati bado iko hewani, hasa ulanga ukiwa umebeba chaji baada ya kubanduliwa. Utaijua kwa picha: ukungu usio na umbo. Teremsha kidogo kiwango lengwa, yaani ukubwa wa mtetemo ambao mashine inajaribu kuutunza, asilimia mbili tatu, iendelee kushuka.

Iache saa nzima ikiwa imegusa, ikipapasa eneo kubwa ambalo hulitaki. Joto la mashine na la chumba vinahitaji kupatana. Picha za nusu saa ya kwanza huburutika upande mmoja.

Nane, rekebisha ukipapasa

Anza na eneo la maikromita 2 kwa 2, nukta 512 kwa mistari 512, mstari mmoja kwa sekunde. Picha moja itachukua dakika nane na nusu. Usiharakishe.

Vifundo viwili ndivyo muhimu. Kiwango lengwa kinaamua ncha inagonga kwa nguvu gani: anza kwenye asilimia 90 ya mtetemo huru, ule wa ncha ikiwa hewani, teremka kidogokidogo mpaka mstari wa kwenda na mstari wa kurudi vifanane, kisha usiteremke tena, maana kila asilimia ya ziada inaibana DNA. Ukali wa mrejesho unaamua ncha inapanda na kushuka upesi kiasi gani. Mwenye pondo aliye mlegevu atapita juu ya shimo bila kulihisi. Aliye na pupa atalitikisa pondo mpaka mtumbwi wote uyumbe. Pandisha ukali mpaka mstari uanze kutetemeka kwa vimeno vidogo, kisha rudisha nyuma mpaka vitoweke. Hapo ndipo pake. Rudia marekebisho haya kila ukibadilisha eneo.

Tisa, ishuku picha

Hatua hii watu huiruka kwa furaha, na hapa ningependa usome polepole.

Picha ya AFM si sura ya uso peke yake. Ni uso na ncha vimeoana. Pondo nene haliingii kwenye ufa mwembamba, na likipita juu ya kijiti linakihisi kuwa kipana kama lenyewe. Ncha yenye nusukipenyo cha nanomita 10 ikipita juu ya DNA ya nanomita 2 itakupa uzi wenye upana wa nanomita 12 au 13. Kwa hiyo upana usiuandike kamwe kama upana wa molekuli. Kimo ndicho cha kukitegemea zaidi, na hata hicho, kwenye hewa, DNA hutoka na nanomita 0.5 hadi 1, kwa sababu imekauka, imebanwa na imezama kidogo kwenye chumvi.

Binti aliyekuwa kwangu kwa mafunzo kwa vitendo alitazama picha yetu nzuri kuliko zote akauliza, "Mwalimu, mbona kila uzi una kivuli chake upande uleule?" Nilikuwa nimeshaihifadhi kwa ajili ya ripoti. Alikuwa sahihi. Ncha ilikuwa na vilele viwili, kimoja kimevunjika pembeni, na kila molekuli ilipapaswa mara mbili. Nilimjibu kwa njia ninayokuambia na wewe: zungusha sampuli nyuzi 90 na upapase tena. Umbo likizunguka na sampuli ni la kweli. Likibaki limeelekea kulekule, ni la ncha. Tulizungusha, vivuli vikabaki kushoto, tukafuta picha na kubadilisha ncha.

Mawimbi yaliyopangika sawasawa nayo yanapendeza na yanadanganya. Badilisha kasi ya kupapasa. Umeme wetu wa soketi ni wa hezi 50. Kwa mstari mmoja kwa sekunde, mwendo wa kwenda unachukua nusu sekunde, na utahesabu mawimbi 25 kuvuka picha. Ukipunguza kasi kwa nusu yakawa 50, hayako kwenye sampuli, yako kwenye nyaya zako: tafuta chaja ya simu iliyo karibu uichomoe, kagua waya wa ardhi. Kama umbali kati ya wimbi na wimbi haukubadilika kwa kasi yoyote, hapo ndipo uanze kufikiri kwamba umeona kitu.

Ukiona pembetatu au umbo lolote linalojirudia juu ya kila punje, punje zikiwa kali kuliko ncha yako, umeipiga picha ncha. Mistari miwili mitatu iliyokatika ghafla na picha kubadilika baada ya hapo: ncha imeokota kitu. Papasa eneo jingine. Wakati mwingine inakitema.

Kumi, pima

Kabla ya kuamini namba, ipime mashine yenyewe. Vibao maalumu vya kupimia ni ghali, lakini CD ya zamani ya muziki iliyochapwa kiwandani ina njia zilizoachana maikromita 1.6, na DVD maikromita 0.74. Kwaruza upande wa lebo ya CD kwa wembe, bandika selotepu, vuta: tabaka la alumini litatoka na vishimo vitabaki kwenye plastiki. Papasa maikromita 20, pima umbali wa njia kumi, gawa kwa kumi. Ukipata 1.7 badala ya 1.6, mashine yako inazidisha kwa asilimia 6, na utarekebisha kila urefu utakaoupima. Pima kulala na kusimama pia. Pande hizo mbili mara nyingi hazilingani.

Kwa kompyuta tumia Gwyddion, programu ya bure inayokubali mafaili ya karibu mashine zote na inakwenda hata kwenye laptopu ya zamani. Hifadhi faili ghafi kwanza, ulifanyie kazi nakala. Ondoa mteremko, maana sampuli haijawahi kulala sawa. Linganisha mistari. Ficha molekuli kabla ya kulinganisha, la sivyo programu itachimba kivuli cheusi pande zote za kila uzi na utadhani ni shimo. Acha hapo. Vichujio vya kulainisha vinapendezesha picha na kula data.

Ukitaka kupima nguvu badala ya umbo, shusha ncha laini mahali pamoja na uinyanyue, ukisoma mpindo. Ugumu mara mpindo ndiyo nguvu: nyutoni 0.2 kwa mita ikipinda nanomita 50 ni nanonyutoni 10. Fanya hivyo kwenye ulanga mtupu siku ya masika na siku ya kusi, uone maji yanavyoivuta ncha. Kantileva mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana sana kwa ugumu, kwa hiyo usitumie namba ya kwenye karatasi. Programu nyingi zinaupima kwa kusikiliza kantileva inavyotetemeka yenyewe kwa joto la chumba.

Sasa DNA yako. Kila jozi ya herufi inachukua nanomita 0.34 za urefu, kwa hiyo jozi 2,686 ni nanomita 913. Fuata uzi kwa kipanya kutoka ncha hadi ncha, ukiweka nukta kila unapopinda. Acha nyuzi zilizopishana na zilizokatwa na ukingo wa picha, lakini usiache uzi kwa sababu tu namba yake haikufurahishi. Fanya angalau 40, urekebishe kwa kipimo cha CD, kisha tafuta wastani. Ukipungua kwa asilimia chache ni kawaida, kwa sababu nukta zako zinakata kona ndogo. Ukipata karibu nusu, rudi kwenye mrija: kimeng'enya kimekata mara mbili au DNA imevunjika kwa kunyonywa kwa nguvu kwenye pipeti. Ukipata mara mbili, nyuzi mbili zimeungana ncha kwa ncha, na mara nyingi utaona mahali zilipoungana kama nundu ndogo katikati. Kipime kimo cha nundu hiyo, uandike, kisha inyanyue ncha, izime leza, na uirudishe sampuli kwenye chombo cha silika kabla hujafungua dirisha.